Chungu Kisichojua Nguruwe

Nimo alipomwona jirani yake akianika nguo uani kwenye baridi ya Februari, na mtoto hata wiki hajatimiza, aliacha vyombo kwenye sinki.

"Yule mzazi ataugua," alimwambia binti yake, Nafiso. "Naenda kumpikia."

"Mum, you can't just walk into people's houses," Nafiso akajibu, macho kwenye simu.

Laiti angejua yeye mwenyewe alivyopokelewa duniani, asingesema hivyo. Nafiso hakuzaliwa hapa Hodge Hill, kwa Waingereza. Alizaliwa Guangzhou, kusini mwa Uchina, miaka kumi na minne iliyopita, baba yake Dalmar alipokuwa akinunua nguo za kupeleka Eastleigh, Nairobi. Walipanga chumba kwenye uchochoro wa zamani ambamo miavuli miwili haikupishana. Nguo za ghorofani zilikudondoshea maji kichwani, samaki wa chumvi walining'inia madirishani, na ukipita na mfuko wa sokoni, wazee waliokaa milangoni waliupekua kwa macho wajue utakula nini. Nimo alikuwa peke yake mwenye hijabu. Alipita kichwa chini kama mwizi.

Alipojifungua, Dalmar alikuwa Nairobi. Siku ya tatu akaingia ajuza wa chumba cha chini, ambaye uchochoro mzima ulimwita Popo, yaani bibi. Hodi hakupiga. Alimkuta Nimo akifua nepi kwa maji baridi, akamnyang'anya beseni na kumwonyesha kitanda kwa kidole. Mwezi mzima, alieleza kwa ishara: maji baridi marufuku, upepo marufuku. Nimo nusura acheke. Kumbe na hawa wana arobaini yao, ila wameipunguza siku kumi!

Kisha Popo akaleta bakuli la mayai, tangawizi, siki nyeusi na miguu ya nguruwe. Nimo akalisukuma, akalia kwa njaa na aibu. Bibi akaondoka amenuna. Usiku ule Nimo hakulala, maana alijua amemuudhi mtu pekee aliyemjali. Asubuhi Popo akarudi na chungu kipya, bado kimefungwa kamba ya dukani. Akakigonga kwa kidole. "Chako," alisema kwa maneno ambayo hata Nimo aliyaelewa. "Nguruwe hapana." Akampikia humo mwezi mzima.

Mwaka uliofuata kibali cha kukaa kilikwisha, wakahama haraka haraka. Popo alikuwa kwa mwanawe, mji mwingine. Nimo aliondoka na chungu bila kuaga, na baadaye akasikia uchochoro wenyewe umebomolewa. Wema hauozi, wanasema, lakini shukrani ile ilimkaa kooni miaka yote, haina pa kwenda.

Basi siku hiyo alichemsha tangawizi, siki na mayai katika chungu kilekile, akaenda mlango wa pili. Yun, jirani yake Mchina, akafungua, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akanusa, akakunja uso.

"Dada, hiki nini?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu.

"Chakula chenu cha uzazi."

Yun alicheka mpaka akashika mshono wa tumbo. "Hicho ni cha watu wa kusini. Mimi wa kaskazini. Mama yangu angenipikia uji na sukari guru." Kicheko kikageuka kilio. "Mama amenyimwa visa."

Nimo alijiona mjinga. Miaka yote alidhani Uchina nzima ni uchochoro mmoja. Lakini uji? Kwa uji hahitaji kufundishwa na mtu. Alirudi kwake, akatoa unga wa wimbi alionunua Coventry Road, akaosha chungu, akaukoroga humo na sukari guru. Yun alisema rangi siyo kabisa, kisha akanywa mabakuli matatu.

Alipoinuka kwenda kuosha chungu, Nimo akamnyang'anya.

"Kalale. Maji baridi marufuku."

"Nani alikufundisha haya?" Yun akauliza.

"Popo. Na sikuwahi kumwambia asante."

Yun alilala kwenye kochi kabla hajajibu. Nimo akampakata mtoto, akamsimulia uchochoro wote, tangu samaki wa chumvi mpaka kamba ya dukani. Mwishowe akatamka neno la Guangzhou alilojifunza wiki ya kwanza na ambalo mwenyewe, Popo, hakuwahi kulisikia kwake: "Doje." Asante.

Alilia kidogo, na alifurahi. Kisha akaenda kuosha chungu kwa maji ya moto, kwa kuwa kesho yake kingehitajika tena.