Sumaku Haina Habari na Shaba

Unanijua, rafiki yangu, mimi kukaa kitako siwezi. Wanawake wa rika langu hapa Morogoro Jumamosi wanasukana, wanaanua nguo, wanajinyoosha kidogo baada ya ugali. Mimi nabeba mashine yangu ya kutafutia vyuma na madini, navaa visikilizio, naanza kupitisha fimbo yake juu ya mashamba ya watu. Niliinunua kwa mchimbaji aliyechoshwa na dhahabu. Mimi dhahabu siitafuti. Nimeokota vijiko, mikasi, kufuli zilizokufa kwa kutu, na kwenye shamba kuukuu la mkonge nimeokota kibati chenye namba cha manamba, kibarua wa mkataba wa zamani, ambaye jina lake hakuna anayelijua tena. Nakifuta kitu udongo, nakitia koponi, nasonga mbele. Wanangu wanasema mama ana ugonjwa. Hawajui kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nafanya mazoezi kwa ajili ya shamba moja tu, na shamba hilo nilikuwa naliogopa.

Mwezi uliopita nikaenda. Ni Matombo, kwa bibi mzaa mama, aliyenilea nilipokuwa mdogo.

Shamba la bibi lilikuwa la mteremko kiasi kwamba boga likikuponyoka unalifuata kwa jirani. Asubuhi kengele ya misheni ilitukuta tumeshashuka korongoni na kupanda tena na ndoo kichwani. Nyumba ilinuka iliki iliyoanikwa na moshi wa magimbi ya kuchoma, na harufu hiyo ilikuwa inakwenda na sisi mpaka kanisani. Bibi aliniita Kiguu na Njia. Akinituma chumvi kwa jirani nilirudi jua limehama, nimepitia mtoni, nimepitia kwenye mafenesi, na chumvi yenyewe nimeisahau.

Jirani huyo redio yake ilipokufa alinipa sumaku ya spika. Niliifunga kamba ya mgomba nikawa naikokota popote ninapokwenda. Ilirudi imeota ndevu za vumbi la chuma, imebeba misumari na vizibo vya soda. Bibi alichukua misumari akakazia mlango, akanisifu kwa methali yake: "Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata." Nilijiona mtu wa maana sana.

Bibi alikuwa na medali ya Bikira Maria, ya shaba, iliyolika kwa kushikwashikwa mpaka uso wa Mama Maria ukabaki kama kivuli. Alivishwa na sista wa misheni siku ya ndoa yake. Aliivua wakati wa kuoga tu, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Siku moja akiwa bafuni niliivaa, nikakimbilia kwenye maharage kucheza bibi harusi peke yangu. Niliporudi shingo ilikuwa tupu.

Sikusema. Nilikuwa na miaka tisa na nilimwogopa bibi kuliko nilivyomwogopa Mungu.

Mimi hakuniuliza hata kidogo. "Huyu hawezi kuficha hata pumzi," alisema. Alimgeukia mama mdogo, mdogo wake mama, kitinda mimba wa nyumba ile, ambaye siku hizo alikuwa anatazamana na kijana wa kijiji cha chini. "Umempelekea yule bwana wako akauze," bibi alimwambia. Mama mdogo alilia, akaapa kwa jina la Bikira Maria mwenyewe. Bibi akamwita mwizi mbele ya majirani, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, natazama vidole vyangu vya miguu.

Siku ya tatu mama mdogo alifunga nguo zake kwenye kanga. Kabla ya kuondoka alinikalisha kwenye mkeka, akamalizia kunisuka mistari aliyokuwa ameiacha nusu. Kisha akashuka kwa miguu mpaka barabarani. Alikwenda kufanya kazi za ndani kwa watu huko Kilakala, baadaye akaolewa Bigwa, akawa muuza mboga. Kwa bibi alirudi mara moja tu, siku ya mazishi. Alisimama nje kwenye migomba mpaka jeneza lilipotoka.

Nilitafuta, wewe! Kila siku baada ya shule niliburuta sumaku ile kwenye maharage, tuta kwa tuta. Niliamini kinachong'aa chote ni ndugu wa sumaku. Nilikuwa darasa la tatu mwalimu wa sayansi alipopanga mezani msumari, sindano, senti ya shaba na pete yake mwenyewe, akavisogezea sumaku. Msumari ukaruka, sindano ikaruka, vingine vikabaki vimelala. "Mnaona? Sumaku haina habari na shaba," alisema. Darasa likaitikia. Mimi nikaangua kilio, mwalimu akadhani naumwa tumbo, akanirudisha nyumbani.

Kumbe msimu mzima nilikuwa napita juu yake.

Hata hivyo sikuacha. Nikawa natafuta kwa mikono, mpaka wakati wa kuvuna bibi akanifokea, "Toka kwenye maharage yangu. Humo hamna kitu. Kilichopotea kimepotea." Nilishangaa kidogo kusikia hivyo kwa mtu wa "mtafutaji hachoki." Nikadhani amechoka na jinsi ninavyomkanyagia mazao.

Basi mwezi uliopita nimefika, nyumba haipo. Kuta zilishayeyuka kwa mvua, pamekuwa migomba na iliki, na yaliyobaki ni mafiga matatu ya jiko yaliyoota ukoka. Nilianza pale palipokuwa maharage. Dakika chache hazikupita, jirani yule wa redio, mzee sasa, akaja na fimbo yake, na nyuma yake watu sita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mjerumani alifukia sanduku hapa, sisi tulishaambiwa na wazee. Ukilipata tugawane kistaarabu."

Nikatoa mundu uliokatika. Wakasogea. Nikatoa kizibo, mfuniko wa sufuria, gamba la betri, kizibo tena. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, akabaki mzee peke yake. Nilimaliza shamba lote, sikupata kitu. Nilikuwa nimekata tamaa, napita jikoni kutafuta pa kukaa, sijazima hata mashine, ikalia. Ilikuwa sauti nyembamba, safi, ambayo chuma hakiitoi.

Ilitokea chini ya figa la nyuma. Tulilisukuma wawili. Chini yake, kina cha kiganja, kulikuwa na kikopo cha alumini cha mafuta ya mgando, yale bibi aliyokuwa anajipaka miguu siku za Jumapili.

"Fungua, fungua," mzee alisema.

Ilikuwamo medali. Ilikuwa imefungwa uzi mpya wa nailoni, fundo zuri, halijawahi kuvaliwa.

"Ndiyo hiyo tu?" mzee akauliza, akaenda zake.

Mimi nilikaa pale kwenye mafiga. Nilielewa bila kutaka. Bibi aliiokota kwenye maharage siku zile za kuvuna, akatia uzi, halafu hakujua aivae mbele ya nani. Angeivaa, majirani wangeuliza. Angemwita mwanawe, angelazimika kusema yeye mzazi amekosea. Akaona bora aipikie juu yake, asubuhi na jioni, mpaka akafa.

Jumapili nilikwenda Bigwa. Mama mdogo alikuwa barazani anachambua mchicha, macho yamefifia. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikamwambia yangu yote: niliivaa mimi, niliipoteza mimi, nikakutazama unaondoka. Nikamwekea medali mkononi. Kikopo nilikiacha kwenye mkoba.

Aliipapasa muda mrefu. Sikuona hasira. Heri angenipiga.

"Umeikuta wapi?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Niliwaza figa, uzi, lile fundo zuri.

"Shambani, mama. Kwenye maharage."

Akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu usichana wake. "Basi mama hakuiona," alisema. "Angeiona, angeniita."

"Angekuita, mama."

Akaivaa, akaendelea na mchicha wake.

Nyumba imekwenda, maharage yamekwenda, hata harufu ya iliki siipati tena ninavyoikumbuka. Sasa kila Jumamosi natoka na mashine kama zamani, ingawa hakuna tena ninachokitafuta. Kile kikopo bado kimo mkobani. Nimeshapita mitaro mingi na majalala mengi, na kila mara nakigusa, nakirudisha, nasonga mbele.