Mtungi Niliousuuza Mara ya Pili

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu. Nisamehe kukuita hivyo kabla sijaota mvi. Nina miaka ishirini na tisa tu. Lakini kuna kosa lililonizeesha mapema, na ningependa ulijue kabla halijawa lako.

Miaka saba iliyopita niliuza maziwa ya ngamia katika soko la hapa Isiolo mjini. Yalikuja kwa gari kutoka upande wa Garbatulla. Kazi hiyo sikufundishwa na mtu; niliwatazama wengine nikaiga. Labda ndiyo maana niliogopa sana kukosea. Aliyejifundisha hana wa kumwambia "imetosha", basi hurudia, akarudia tena. Nilikuwa namlea Talaso, mtoto wa marehemu dada yangu, mwenye miaka minane. Kila siku alinisaidia kuosha mitungi kwa maji ya moto, kisha tukaitia moshi wa vijiti na kuifunga, ili maziwa yasiharibike upesi.

Nilijivunia jambo moja: sikuwahi kumpiga. Majirani walinisifu kwa hilo, maana sisi tunahesabu fimbo tu. Maneno hatuyahesabu. "Wewe kichwa yako ni ya kubeba nywele?" nilimwuliza mbele ya wateja. "Mama yako angekuona angeaibika." Wateja walicheka, na aliyetaka kunitia moyo aliongeza, "Samaki mkunje angali mbichi." Talaso naye alicheka pamoja nao. Nilidhani anayecheka hajaumia.

Asubuhi hiyo nilifungua mtungi mkubwa mbele ya wanunuzi, nikakuta maziwa niliyomimina jana yake yamechacha.

"Ni wewe!" nikamfokea. "Si nilikuambia moshi uingie vizuri? Kila kitu unagusa kinaharibika!"

"Dada, huyo ni mtoto," mama mmoja akasema.

"Mtoto gani? Hii ni hasara yenye miguu."

Watu wakaangua kicheko. Safari hii Talaso hakucheka. Aliificha mikono yake nyuma ya mgongo.

Mchana, nikiuosha mtungi ule ule, nikakumbuka. Talaso alikuwa ameutia moshi vizuri kabisa. Ni mimi niliyechungulia ndani, nikaona punje mbili tatu za makaa, nikashindwa kuvumilia, nikausuuza tena kwa maji baridi ya tangi. Moshi wote niliuondoa kwa mkono wangu. Nikajua, nikanyamaza. Nilimnunulia mtoto chapati, nikajiambia yamekwisha.

Wiki iliyofuata jirani yetu Halima alijifungua. Tukaenda kumpongeza pamoja na nyanya yangu, Akko, kama Waborana tunavyoita nyanya.

"Talaso, kuja umshike mdogo wako," Halima alisema.

Akarudi nyuma mpaka ukutani. "Hapana, mama. Nikimgusa ataharibika."

Hakuna aliyecheka. Akko alinishika mkono akanitoa nje. "Nani amemwambia hivyo?"

Nikamweleza yote, hata ule mtungi. Alinisikiliza akichora chini kwa fimbo yake.

"Unajua maziwa hushika harufu ya chombo," alisema. "Na chombo hushika harufu ya moshi. Wewe huyu mtoto umemtia moshi gani, mpaka ananuka hofu hivi? Rudi ndani useme, kisha ukaseme na sokoni. Waliosikia uwongo wasikie na ukweli."

Nilirudi ndani, mwanangu. Nikaaga, nikamchukua Talaso tukaenda nyumbani.

Nilimwomba msamaha baada ya mwaka mzima, tukiwa wawili tu, mlango umefungwa. Alinisikiliza kwa adabu. "Ni sawa, mama mdogo," akasema. Wale waliocheka hawakuwepo kusikia. Nilipokuja kuwaambia sokoni, miaka mingine ilikuwa imepita, na wengi hawakukumbuka hata habari yenyewe. Aliyekumbuka ni mmoja, naye ndiye aliyeumia. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi; kidole changu kingekuwa kimeshapona.

Leo Talaso ana miaka kumi na tano. Ni msichana mwerevu, mpole, anapendwa na walimu wake. Juzi nilimnyooshea mtungi mtupu. Kabla ya kuupokea aliniuliza, "Nishike?" Huuliza hivyo kila mara, kwa kikombe, kwa kitabu, kwa mtoto wa watu. Mimi hujibu "shika" na kuikumbuka asubuhi ile.

Basi nasaha yangu ni hii. Usijisifu kwamba hupigi, kabla hujasikiliza unachosema. Mtoto akikosea, taja kosa, usimpe kosa liwe jina lake. Ukisikia jirani akimdhalilisha mwanawe, usimchekee ili kumfurahisha. Kicheko chako ni kuni kwenye moto ule. Na ukigundua kwamba uliyekosea ni wewe, usingoje kama mimi. Sema siku hiyo hiyo, mahali pale pale, mbele ya wale wale.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuomba radhi. Akupe watoto, na mikono yao isiombe ruhusa ya kuigusa dunia.