Mama Puto na Upepo wa Juu

Katika kituo chetu cha hali ya hewa tulimwita Mama Puto, na wala hakununa. Kazi yake ilikuwa kujaza maputo gesi na kuyarusha yakiwa na kifaa cha kupima upepo wa juu kabisa, huko zinakopita ndege. Wageni walimcheka: mtu mzima anacheza na maputo! Mimi, mkuu wake, walinikera hao.

Maana kimbunga hakiishi kwa joto la bahari peke yake. Hewa inayopanda ndani yake lazima ipate pa kutokea huko juu, kama moshi wa jiko. Upepo wa juu ukiwa mkali, hukikata kichwa kikafa. Ukitulia, kinapumua kwa raha na kunenepa.

Mwaka mmoja kabla, kimbunga kilipotangazwa, Mama Puto alimhamisha mama yake kutoka nyumba ya ufukweni, na kimbunga kikafia njiani. Bibi huyo alirudi kwake amevimba kwa hasira. "Sitoki tena humu!"

Kilipokuja kingine, vipimo vya mwisho vilionyesha upepo mkali juu, tukashusha pumzi. Mama Puto hakutulia. Akataka kuhakikisha, na kwa pupa akalijaza puto gesi kupita kiasi. Likapaa mbio, likapasuka kabla ya kufika juu. Alikaa kwenye sakafu ya banda la gesi akalia, nami nilimwonea huruma sana.

"Gesi imebaki ya puto moja," nilimwambia, "na ni ya kesho."

"Kesho mama yangu atakuwa wapi, bosi?"

Nikampa. Alijaza polepole. Puto lilifika. Upepo wa juu ulikuwa umelala kabisa.

Nikakimbilia kuandaa tangazo la hatari. Yeye akapiga simu.

"Mama, toka humo."

"Hata mwaka jana ulisema hivyo hivyo."

"Mwaka jana nilijifanya najua. Leo naogopa, mama."

Bibi akajibu, "Haya, natoka."

Hakutoka peke yake. Alibisha hodi mlango kwa mlango, kwa majirani walewale waliomcheka mwaka jana alipohama bure, akiwaambia, "Mwanangu haogopi ovyo. Twendeni."

Tangazo letu liliposomwa redioni, mtaa ule ulikuwa umeshahama. Usiku bahari ikaibeba nyumba ya bibi na nyingine zote za mstari ule, na ndani hamkuwa na mtu hata mmoja.