Jiwe Jeupe la Sabohat

Kila asubuhi, kabla ya chai, Sabohat huteremka hadi ukingo wa bwawa na kuweka jiwe jeupe pale maji yanapoishia. Jioni hurudi kulitazama. Akilikuta limelowa, hulala vizuri. Akilikuta limeachwa kwenye tope, anajua lango la bwawa limefunguliwa kumwagilia pamba huko bondeni, na usingizi humpaa.

Ni jirani yangu, mjane. Huwakodishia wageni wa Tashkent boti za pedali zenye umbo la bata. Chini ya maji hayo kuna kijiji alichozaliwa. Kabla kijiji hakijafunikwa na maji, kila nyumba iliamriwa ikate miti yake. Baba yake aliuacha mjozi wake, mti wa kokwa ngumu za kuliwa. Kwetu, anayekata mjozi unaozaa hujiitia msiba. Mti ulikufa ukiwa wima. Maji yakishuka, matawi yake hukaribia uso wa maji bila kuonekana, ndiyo maana Sabohat hufunga dumu tupu jekundu kwa kamba kwenye tawi la juu, lielee kama onyo.

Jumamosi moja ya Julai, jioni, walifika maharusi. Walitaka kupigwa picha kwenye jabali la ng'ambo, na Ergash, shemeji yake Sabohat mwenye boti ya injini, alikuwa tayari kuwavusha.

"Shemeji, usivuke leo. Jiwe limebaki mbali kabisa na maji."

"Dada wewe! Hata bakuli la chai unaliogopa."

"Cheka tu. Huyo ni binti wa watu."

"Dumu lako si lile pale? Nitalipita mbali."

"Basi wavae jaketi za kuelea."

"Juu ya gauni?" bibi harusi alilalamika.

"Juu ya gauni, mwanangu. Wakati wa picha utaivua."

Tulibaki ukingoni tukiwatazama. Ergash alilikwepa dumu kwa mbali, kama alivyoahidi. Ghafla boti ikasimama, ikainuka upande, na kitu cheupe kikaanguka majini. Sabohat alinishika mkono hadi ukaniuma.

Jaketi ilimwinua binti. Bwana harusi akamvuta kwa mikono yote miwili, gauni likiwa limechanika, wote wawili wakilia. Ergash alirudi ukingoni, boti ikivuja.

"Nililipita mbali, dada," alisema. "Wallahi nililipita."

Sabohat aliliangalia dumu, kisha akakaa chini palepale kwenye tope.

"Kamba," alisema. "Niliifunga maji yakiwa yamejaa. Yameshuka, sikuifupisha. Upepo umelisogeza dumu mbali na mti. Nimekuelekeza kwenye mti mimi mwenyewe."

Wiki nzima hakukodisha boti hata moja. Lakini asubuhi moja nilimwona bado akiteremka na jiwe lake, nikamfuata.

"Dada, bado unaogopa maji yakishuka?"

"Hapana," alisema. "Nangoja yashuke. Nimeshaazima msumeno."