Mgeni wa Saba

Wageni walimwita Dira, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na babaye. Miaka ishirini na sita alikuwa akiwapandisha watu maporomokoni kwa njia ile ile, saa moja na nusu kwenda, saa moja kurudi. Kijiji chenyewe hakina lolote la kumsimamisha mpita njia: maduka mawili, kinu cha kusaga, zahanati ya chumba kimoja na gesti ya vyumba sita. Bila yale maji yanayoanguka kule juu, nani angefika? Na bila Dira, nani angeyafikia akarudi na mifupa yake yote?

Sasa ngoja nikwambie jambo ambalo kijiji kizima hakikulijua. Dira alikuwa haoni. Sisemi haoni vizuri, nasema haoni! Jicho la kulia lilizimika mwaka juzi, la kushoto likafuata polepole, mpaka likabakiwa na mwanga tu, kama wa mtu aliyejifunika shuka mchana. Aliyejua ni mkewe peke yake, na huyo alikuwa amekwisha kusema mpaka mdomo umemchoka.

"Utaua mtu, baba watoto."

"Nitamuuaje? Njia naijua kwa nyayo."

"Njia unaijua. Watu je?"

Mtu aliyeishi maisha yake yote akitangulia mbele, umwambie akae barazani asubiri kushikwa mkono kwenda chooni? Bora afe. Alimwambia mkewe hivyo hivyo, na hakuwa anatania.

Na kweli njia aliijua. Alijua jiwe linaloyumba, mzizi wa kushikilia, na mahali manyunyu yanapoanza kukulowesha uso. Watu nao alikuwa amewatafutia dawa. Kabla ya kuondoka alimpa kila mmoja namba, kisha kila kituo alisimama, akawageukia, akanguruma: "Hesabu!" Nao wakaitika moja, mbili, tatu, huku wakicheka kama watoto wa shule. Kila mgeni alidhani ni mbwembwe za mzee. Hata mwenye gesti, mama mkali asiyecheka hovyo, alikuwa akiwaambia mapema, "Mtahesabiwa kama kuku, msishangae."

Siku hiyo walikuja saba, wafanyakazi wa ofisi moja ya mjini waliopewa siku ya mapumziko. Namba nne alikuwa jamaa mwenye maneno mengi, wenzake wakimwita Redio. Namba saba alikuwa binti karani, sauti yake nyembamba, akisema "saba" utadhani anaomba radhi. Dira alilazimika kutega sikio ili ampate.

Walipanda vizuri. Walifika, wakapiga picha, wakaloa, wakapiga kelele mpaka basi. Halafu Dira akasikia maji yamebadilika. Mlio ulikuwa umekuwa mzito, una kokoto ndani yake. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, na mto ulikuwa unakuja.

"Haya, tunashuka! Sasa hivi!" Akawapanga mbele yake, wao wameyapa maji mgongo, yeye ameyaelekea. "Hesabu!"

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Wakanyamaza kidogo. Kisha "saba" ikasikika, nyembamba, ya kuomba radhi. Wawili watatu wakaangua kicheko. Dira akageuka, akaanza kushuka, na kwa haraka ile hakusimama kituo hata kimoja.

Walikuwa wameshafika chini kabisa, kwenye kinu, mama mmoja wa kundi lile alipouliza, "Jamani, karani yuko wapi?"

"Si alikuwa nyuma yako?"

"Nyuma yangu hakuna mtu! Redio, wewe ndiye uliyemwitikia saba yake!"

"Nilikuwa namuigiza tu," Redio akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile maneno yakamwisha. "Alibaki kwenye lile jiwe la mtoni anavaa viatu. Nilijua mzee anamwona. Si yeye ndiye aliyekuwa ametazama kule?"

Wote wakamgeukia Dira. Hakuwaona, lakini alijua. Na hapo, Mungu amsamehe, akadanganya.

"Alitutangulia," akasema. "Nilimwona akikatiza kwa ile njia ya mkato. Mtafuteni hukohuko gesti."

Wakashusha pumzi, wakaenda mbio. Kwa nini wasimwamini? Dira hakuwahi kumpoteza mtu.

Akabaki pale kinuni, anausikiliza mto. Kila dakika ulizidi. Lile jiwe alilijua. Maji yakipanda hulifunika lote, na anayekaa juu yake hana pa kukimbilia. Mkewe, aliyekuwa amekuja kusaga, alikuwa amesikia yote. Akatua ndoo ya unga chini.

"Ulimwona?"

Dira akageuzia sikio mtoni.

"Nakuuliza, baba watoto. Ulimwona?"

Alijua neno moja tu lingemharibia maisha yake yote yaliyobaki, na alijua binti wa watu anakufa. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka. Akapiga ukelele, sauti ikamtoka vibaya, ya kilio.

"Rudini! Rudini huku! Sikumwona! Mimi sioni, jamani, mwaka wa pili huu sioni kitu! Yuko kwenye jiwe! Mto unapanda!"

Hakuna aliyepoteza muda kumtukana. Msaga unga alizima mashine, akachukua kamba, akapanda mbio na wageni nyuma yake. Dira naye akakimbia. Akaijaribu njia yake, lakini akili ilikuwa imemruka, nyayo zikasahau kila kitu, na hatua ya ishirini tu akaanguka kifudifudi. Mkewe alimkuta analia, amekumbatia mzizi.

Walimpata binti hai. Maji yalikuwa yamemfika kifuani, mguu wake umenasa kati ya mawe mawili, umevunjika. Walimburuta kwa kamba, wakamteremsha zahanati kwa machela ya magunia. Msaga unga alisema robo saa nyingine wangebeba maiti. Mwenye gesti alisimama mlangoni pa zahanati, akamtazama Dira akiletwa na mkewe. Ukali wake wote ulikuwa umemtoka. Akawapisha.

Dira akaingia kuomba msamaha. Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno, na sasa hakulikumbuka hata moja. Binti ndiye aliyetangulia kusema. Alikuwa amepiga mayowe mpaka sauti imekauka, na hakuna aliyekuwa amemwambia lolote bado.

"Mzee, nilinasa mguu. Niliita, maji yakanizidi kelele. Wenzangu walikuwa wamenipa mgongo, wewe peke yako ndiye uliyekuwa umenielekea. Nikakupungia mikono yote miwili. Ukanitazama. Ukanitazama hivi, usoni kabisa, kisha ukageuka ukaenda zako."

Akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Nimekaa mle majini najiuliza. Nilikukosea nini?"

Dira akanyoosha mkono amshike, akashika chuma cha kitanda.