Hotpoti Iliyorudi Tupu

Watu wanadhani nilimchukia kocha wetu Mpolandi kwa sababu ya mpira. Nilimchukia kwa sababu ya hotpoti ya mama.

Alikuja Maskati kwanza kama mchezaji, miaka yake ya mwisho uwanjani. Mimi kijana, namba tatu. Yeye namba nne, pembeni yangu, akinifokea dakika tisini. Ijumaa alikula kwetu, mtaa wa Hail. Mama, mzaliwa wa Unguja, alimfundisha kula wali kwa mkono, akamfundisha pia kwamba chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Akapata somo. Kila akipelekewa pilau, hotpoti ilirudi na machungwa, au mkate aliouoka mwenyewe.

Akaenda kwao kusomea ukocha, na baada ya miaka akarudi kuifundisha klabu yetu ileile. Mimi magoti yalikuwa yameshakwisha. Niliitaka mechi moja tu, ya kuagia, pale uwanja wa Sib, mama akiwa jukwaani kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Wiki ile mama akampelekea pilau. Hotpoti ikarudi imeoshwa, haina kitu.

"Baba, huchezi," mama akaniambia.

"Kasahau tu mzungu wa watu, mama."

"Nnakwambia huchezi."

Sikucheza. Nilikaa benchi mpaka filimbi ya mwisho, mama kule juu na mtandio wake mpya, na kocha hakunitazama hata mara moja. Mtu mmekula sinia moja, anakosa mdomo wa kukwambia! Hasira ile ninayo hadi leo.

Msimu uliofuata wakamfukuza. Nilifurahi, sisemi uongo. Mama akapika.

"Mpelekee. Kufukuzwa kazi msiba."

Niliendesha hadi kwake Bawshar huku natukana peke yangu. Nikamkuta kati ya masanduku, safari kesho yake. Akamimina pilau kwenye sufuria, akaosha hotpoti, kisha akaanza kufungua kabati moja baada ya jingine. Hamna kitu. Friji nayo tupu. Mwisho akapata ndimu mbili na nusu pakiti ya majani ya chai, akazitia, akafunika, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nikasimama pale mlangoni nina hasira kuliko siku ya benchi. Kumbe hakusahau. Wiki ile ya mechi, alipoirudisha tupu, alijua anarudisha nini. Alimwambia mama yangu, mimi akashindwa kuniambia.