Kaburi la Kushikia Kiwanja

Mushumbusi alikuwa fundi mwashi, na mikono yake ilijulikana kutoka Kaagya mpaka Rubya. Kwa miaka kumi na minane aliwajengea watu nyumba za matofali ya kuchoma, huku mwenyewe akilala mjini Bukoba katika chumba cha kupanga ambacho angeona aibu kusema kimejengwa na fundi. Kwao Kaagya, kibanja cha marehemu baba yao, shamba la migomba na mibuni lenye makazi ya ukoo, kilikuwa mikononi mwa kaka yake mkubwa, Rwegasira, kama desturi ilivyo. Mushumbusi, mtoto wa mwisho, aliambulia kipande cha rweya, nyasi tupu ambazo hata mbuzi huzila kwa kukosa la kufanya. Alitaka kitu kimoja tu maishani: nyumba yake mwenyewe, katika ardhi yake mwenyewe.

Mwaka 1951 akanunua kibanja Kahororo, kwa mzee Ildefons aliyekuwa akihamia kwa binti yake Muleba. Taratibu zote za Wahaya zilifuatwa. Mkungu, mkuu wa kijiji, alikuja, majirani wakaja, mipaka ikatembelewa kwa miguu, emilamula ikapandwa kila pembe, mimea ambayo ukiing'oa umejitangazia ugomvi wa vizazi vitatu. Kisha rubisi, pombe ya ndizi, ikanywewa, na mashahidi wakaenda zao wakiimba.

Rafiki yake Burhani, fundi cherehani wa mjini, hakunywa wala hakufurahi. Alimwambia kwamba Kahororo iko ukingoni mwa mji, na mji unanenepa. Leo ramani ya wakubwa inasema hapo ni mashamba. Kesho wakipaka rangi nyingine, si mashamba tena, na emilamula haijui kusoma ramani.

"Nenda ofisi ya ardhi ukaulize, ndugu yangu," Burhani alimsihi. "Kuuliza si ujinga."

Mushumbusi akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka ushauri, ugonjwa unaowapata watu waliozoea kusifiwa kazi zao.

Mwaka wa pili wakaja wapimaji na fimbo zao za rangi nyekundu na nyeupe, wakapita katikati ya migomba kama watu wanaopita kwao. Burhani akarudi tena. Alisikia kwamba mpango wa mji unabadilishwa, na kwamba atakayekwenda mapema kueleza shida yake huenda akapewa kiwanja kingine, chenye barua. Akajitolea hata kumsindikiza. Mushumbusi hakwenda. Yeye alikuwa na akili nyingine, akili ya kwao. Kibanja chenye kaburi la mzazi hakiuzwi, hakigawiwi, hakinyang'anywi. Mhaya gani hajui hilo? Kibanja chake kilikuwa na kila kitu isipokuwa kaburi.

Mama yao, Kokuberwa, alikuwa mgonjwa huko Kaagya. Mushumbusi akamfuata, akamwambia Rwegasira kwamba mjini kuna dawa. Mama hakubisha. Njiani alimshika mwanawe mkono akamwambia, "Mwanangu, nikifa unirudishe. Nilale karibu na baba yako."

"Nitakurudisha, mama."

Alisema hivyo akiwa ameshachagua mahali pa kuchimba. Chumbani kwake mjini alimpa dawa, ndiyo, na uji alimpikia, lakini kila asubuhi alipomwinamia kusikiliza pumzi zake hakuwa na hakika anaomba nini. Mimi nina hakika. Alikuwa akimsubiri mama yake afe ili kaburi lake limshikie kiwanja.

Kokuberwa alikufa wakati wa masika, alfajiri. Rwegasira alipofika na wanaume wa kubeba maiti, saa sita ya mchana ilikuwa bado haijatimia, na mama alikuwa chini tayari, kule kibanjani Kahororo. Kaka mtu alisimama mbele ya udongo mbichi, akautazama, akageuka na watu wake bila kunywa hata maji. Mushumbusi aliona uchungu, lakini chini ya uchungu ule alijisikia salama. Wiki iliyofuata alichimba msingi. Miezi minne baadaye kuta zilikuwa zimefika juu ya madirisha, zimenyooka vizuri, na alizipapasa kila jioni kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

Barua ikaja. Karani aliyeitwa Projestus alikuja na Mzungu kijana wa kupima, akaisoma kwa Kiswahili: eneo lote sasa limetengwa kwa nyumba za watumishi wa serikali. Migomba italipwa, mibuni italipwa. Nyumba haitalipwa kwa sababu imejengwa bila kibali.

Mushumbusi hakubishana. Alimwonyesha kaburi kwa kidole. "Mwambie Bwana, mama yangu yuko hapa."

Projestus akatafsiri. Mzungu hakukasirika hata kidogo. Alivua kofia, akaandika mstari mmoja, akavaa kofia. Projestus akaona haya kuinua macho. "Anasema kaburi nalo lina fidia yake. Lakini ulihamishe ndani ya siku sitini."

Likaandikwa hivyo katika orodha ya fidia, baada ya mibuni, kabla ya migomba.

Hakuna mtu aliyekubali kumsaidia kufukua. Alichimba peke yake siku mbili. Lubugo alilomvalisha mama, sanda ya gome la mti, lilikuwa limeoza, likamng'ang'ania vidoleni. Alimweka katika sanduku lililoletewa vioo vya madirisha, akapanda nalo lori la kahawa, akilipakata mpaka Kaagya.

Rwegasira alimkuta langoni mwa kibanja. Alilipokea sanduku kwa mikono miwili, akapiga magoti nalo, akalia kilio ambacho hakukilia siku ile ya masika. Kaburi likachimbwa mchana huohuo karibu na la baba. Mushumbusi akavua shati, akachukua jembe ili asaidie.

"Weka jembe chini," Rwegasira alisema taratibu. "Mama amerudi kwake. Wewe ukifa, wakupeleke kwenye kiwanja chako."

Mushumbusi akaliweka. Alitoka akasimama barabarani, shati mkononi, akasikiliza wenzake wakimzika mama yake.